Nani anafuata?

Kifuniko changu kilikuwa cha Mirinda, ile nyekundu, na nilikitoboa katikati na msumari ili mtu asije akakichanganya na chake. Kibanda cha gemu pale nje ya geti la bareki, yaani kambi ya polisi, Jinja, Uganda, hakikuwa na daftari wala tiketi, foleni yenyewe ilikuwa ni vifuniko vya soda vimepangwa kwenye ubao wa dirisha, ukifika unaweka chako mwisho, mtu akimaliza kucheza mwenye kibanda anachukua kifuniko cha kwanza anakiinua juu anauliza "Nani anafuata?" na kama haupo anakitupa ndani ya kopo, zamu imeenda hivyo. Ndo maana ukishaweka kifuniko hauendi mbali. Unangoja.

Nataka niandike juu ya hiyo kungoja. Kila mtu wa rika langu akianza kuongea gemu za zamani anaongea PlayStation, anaongea Adriano, yule mshambuliaji wa gemu ya mpira, na mimi pia Adriano nitamfikia sasa hivi, lakini nikihesabu vizuri PlayStation yenyewe nilicheza kidogo sana. Sarafu ya mia mbili, ile yenye samaki, ilikuwa inanunua dakika kumi. Jumamosi nzima ukiwa na bahati una mia nne mfukoni. Dakika ishirini, na hapo umekaa tangu saa nne asubuhi mpaka mama anaanza kuita jina lako kutoka ndani ya bareki na sauti ya kukasirika. Sasa hayo masaa mengine yote tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunacheza!

Sisi tulikuwa watoto wa polisi. Tulikaa kwenye zile nyumba za mabati za mviringo, watu wanaziita mama ingia pole kwa sababu mlango ni mfupi na mama mwenye mtoto mgongoni asipoinama polepole atamgonga kichwa. Jirani wa kulia Mwacholi, wa kushoto Mgisu, nyuma yetu Mlugbara, mbele Mnyankole, na mama zetu wote walikuwa wanaelewana kwa Kiswahili cha bareki, na sisi watoto ndo kabisa, hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana wala ya kupatana. Ukitoka geti ukaenda mjini ukaongea Kiswahili watu walikuwa wanakuangalia vibaya, wanafikiria jeshi, wanafikiria bunduki. Kwangu mimi Kiswahili ni lugha ya michezo. Kula, lala, kata, zamu, rudia, umeiba. Nikiwaza maneno ya kwanza niliyoyajua nayasikia hivyo, kwa sauti za watoto waliochuchumaa chini.

Haya, PlayStation. Ilikuwa PS2 moja nyeusi na televisheni moja ya tumbo kubwa, padi mbili, moja ilikuwa na kitufe cha R1 kimelegea na kila mtu alikuwa anaikataa. Gemu ilikuwa PES 6, ile ya mpira, na diski ilikuwa ya kuchoma, na jicho la mashini lilikuwa limechoka. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote kulikuwa na ile dakika ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linajikunja, mwenye kibanda anawasha, kioo kinakuwa cheusi, zile nguzo zinatokea na mlio wake kama upepo, na kibanda kizima, watoto ishirini na watu wazima wawili, wananyamaza kabisa. Kikiendelea cheusi tumepona. Kikigeuka chekundu na yale maandishi ya kusema weka diski ya PlayStation, ohoo, diski imekataliwa, anazima, anatoa, anaipangusa kwenye shati kutoka katikati kwenda nje (kamwe sio kuzunguka, alitufundisha hiyo kwa ukali sana), anarudisha. Mara nne, mara tano. Siku zingine aliisimamisha mashini kwa ubavu ndo ikasoma. Ikisoma tulikuwa tunapiga makofi kama watu waliofunga goli.

Na umeme. Huo ulikuwa mwaka 2006, Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka sana, mvua hazikuwa zimenyesha vizuri na maji yaliyopita kwenye mitambo yalikuwa mengi, nchi nzima ikawa inagawana giza, leo mnao kesho hamna. Sisi tulikuwa Jinja, bwawa la Nalubaale liko pale tangu 1954, ukisimama darajani maji unayasikia, na bado stima ilikuwa inapotea katikati ya mechi ukiwa unaongoza mbili bila. Siku ya jenereta bei ilipanda ikawa mia tatu, na wengi wetu tulikuwa tunabaki nje na samaki wetu mkononi tunasikiliza.

Adriano sasa. Kama haukucheza PES 6 siwezi kukueleza ukaelewa. Inter Milan, mguu wa kushoto, nguvu ya shuti 99, ukifika mita thelathini unashika kitufe mpaka ile alama inakaribia kujaa halafu unaachia, na kipa anaruka lakini anaruka tu kwa heshima. Tuliweka sheria mbili, asiye kaka yako mkubwa haruhusiwi kukuchagulia timu, na Inter inachaguliwa mara moja kwa siku kwa kila mtu. Nilikuwa Liverpool damu lakini Liverpool ndani ya gemu ilikuwa inaitwa Merseyside Red, sababu ya mambo ya haki za majina, na kuna mdogo wetu mmoja alishabikia hiyo Merseyside Red mwaka mzima, anajua wachezaji wote, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba ndo timu ileile ya kwenye redio. Alipojua alifurahi sana, akasema basi sasa nina timu mbili.

Halafu Juni 2007 Cranes, timu yetu ya taifa, wakaipiga Nigeria 2-1 pale uwanja wa Namboole, na wiki ileile mwenye kibanda akatuachia mashini usiku mzima bila malipo tuibadilishe Kameruni ya ndani ya gemu iwe Uganda. Jezi ya njano, majina moja moja kwa padi, herufi moja ndo unaitafuta kwenye jedwali unabonyeza, Sekagya, Obua, Massa, herufi kwa herufi, mmoja anasoma kwenye gazeti mwingine anabonyeza na wengine kumi wanasahihisha. Tulimaliza kuku wakiwika. Kumbukumbu yote ile ilikaa kwenye kimemori kadi kidogo cha megabaiti 8. Mimi naona hiyo ndo kazi ya kwanza ya maana niliyofanya na watu wengine maishani mwangu.

Lakini nilisema nataka kuongea kungoja.

Kwenye benchi la nje kulikuwa na matatu, sio gari, ile karata. Saba saba kwa kila mtu, mbili inambebesha mwenzako mbili, rasi, yaani ile karata ya A, unaitisha rangi unayotaka, na ile saba ya rangi iliyowekwa chini ya pakiti ndo inakata gemu, ukiikata mnahesabu pointi zilizobaki mkononi na mwenye nyingi ameanguka. Kwa hiyo mtu mwenye saba ya kukata anakaa nayo kimya, anatupa karata zake kubwa moja moja, uso mkavu, na wewe unamwangalia vidole. Nilikuwa najua kaka yangu anayo kwa sababu alikuwa anaisukuma mwisho kabisa upande wa kulia na kidole gumba. Sikumwambia mpaka leo. Ludo pia ilikuwepo lakini ludo ilikuwa na kelele na ugomvi wa dadu, mimi sikuipenda sana.

Na chini ya mwembe, hatua kama kumi na tano kutoka dirisha la vifuniko, kulikuwa na mweso, bao la kwetu Uganda.

Ubao ulikuwa wa sajini mmoja mzee, karibu astaafu. Safu nne za mashimo manane, 32 yote, mbegu 64 nyeusi ngumu, empiki, zimeng'aa kwa jasho la mikono ya watu. Kila mmoja ana safu mbili zake na mbegu 32. Unabeba shimo lenye mbili au zaidi, unapanda moja moja, ya mwisho ikiangukia kwenye mbegu unabeba zote unaendelea, ikiangukia patupu umelala. Ikiangukia safu yako ya ndani kwenye shimo lenye mbegu, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayotazamana na hilo yana kitu, unazila zote, na unazipanda tena kuanzia pale ulipotokea. Mwenzako akibaki na mojamoja tu kila mahali hana mwendo, kwisha. Ni hayo tu. Na katika hayo tu nimewahi kuona inspekta wa polisi anatokwa na jasho mbele ya konstebo wa miezi sita.

Yule mzee alikuwa amefanya kazi Mombasa ujanani na bao la kule alikuwa analijua, alikuwa anatueleza kwamba Waswahili wa pwani wana mbegu 64 hivyohivyo lakini wanaanza na kete 10 tu ubaoni kwa kila mtu, sita kwenye shimo linaloitwa nyumba na mbili mbili pembeni, 22 zinabaki mkononi zinaingia moja moja. Alisema bao ni kama kesi mahakamani na mweso ni kama mvua, ikianza imeanza. Alikuwa anatuachia sisi watoto tucheze naye wakubwa wakiwa zamu.

Siku ya kwanza nilimwita afande. Akaniambia, "Hapa niite mzee. Mweso hauna cheo."

"Ndiyo mzee."

"Na usihesabu na kidole. Hesabu na macho. Kidole kinaniambia unataka kwenda wapi."

Ilinichukua miezi kuhesabu na macho. Unaangalia shimo lenye mbegu tisa na lazima uzione zote tisa zikishaanguka kabla haujazigusa, halafu uone zile zitakazobebwa, halafu zile za baada ya hapo, kichwa kinakuwa moto. Hakuna gemu ya kioo iliyowahi kunifanya hivyo, na nimecheza nyingi, nimecheza nyoka wa Nokia ya baba mpaka vitufe vikafutika.

Sasa Jumamosi moja niko chini ya mwembe na mzee, kifuniko changu kiko cha tatu dirishani, mia mbili iko mfukoni naisikia kwenye paja. Mzee ananimaliza kama kawaida. Halafu nikaona. Kuna sheria kwamba yale mashimo yako manne ya mwisho kushoto unaweza kuyapanda kurudi nyuma, lakini ikiwa tu kurudi huko kunakula. Kwenye pembe, safu ya nyuma, nilikuwa na mbegu tatu. Nikirudi nyuma, moja inaingia pembe ya ndani, ya pili shimo linalofuata, ya tatu inaangukia shimo la tatu la safu ya ndani, na hapo nilikuwa na mbili zimekaa. Mbele yake mzee alikuwa na saba, na nyuma ya hizo tano. Kumi na mbili! Nikahesabu tena na macho. Kumi na mbili.

Na hapo hapo nikasikia dirishani, "Nani anafuata? Mirinda yenye tundu! Mirinda!"

Niliinua kichwa. Mwenye kibanda alikuwa ameshika kifuniko changu juu, mtoto aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ananiangalia anaomba Mungu nisiende. Ilikuwa ni zamu ya mwendo wangu, na mweso ukiuacha katikati mzee anazoa mbegu. Nikasikia kile kifuniko kikigonga ndani ya kopo, tiii. Nikabeba zile tatu nikarudi nyuma, moja, mbili, tatu, nikazoa saba na tano.

Mzee alinyamaza muda mrefu sana. Akauliza, "Nani amekuonyesha hiyo?"

"Nimeiona mwenyewe mzee."

"Umehesabu na nini?"

"Na macho."

Akaitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya shati, akakaa vizuri kwenye gogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akicheza na mtoto. Akanishinda baada ya kama nusu saa, lakini alifanya kazi.

Siku hizi mpwa wangu hapa Kampala anacheza mpira kwenye simu, ile ile PES ambayo tangu 2021 inaitwa eFootball, anacheza saa yoyote na mtu wa nchi yoyote, mechi ikiisha nyingine inaanza kabla hajameza mate. Anacheza vizuri kuliko mimi nilivyowahi. Simlaumu na gemu siichukii, nikimkuta namwomba padi, yaani simu. Lakini hana hata mtu mmoja anayeweza kumtaja kwamba tulicheza naye, na hilo linaniuma kwa ajili yake.

Desemba iliyopita nilimchukua tukaenda kumsalimia yule mzee kijijini kwake upande wa Tororo. Ubao ni uleule, ufa umeingia upande mmoja ameushona na waya. Macho yamepungua kwa hiyo sasa yeye ndo anahesabu na kidole, anapitisha polepole juu ya mashimo bila kuficha, na bado haumwezi. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa mstari kwenye mkeka. Nilicheza nikalala, nikacheza nikalala, nikaisha. Nikaanza kupanga mbegu za kurudia.

"Inuka kijana," mzee akaniambia. "Wengine wanangoja."

Nikageuka kuona nani anafuata, na mpwa wangu alikuwa ameshavua viatu.