Kiribati: maji yako chini, juu hayakai
Udongo wa visiwa hivi vya Bahari ya Pasifiki ni mchanga na vifusi vya matumbawe, chokaa tupu, pH (kipimo cha tindikali na alkali) 8 kwenda juu. Mvua inapita kama kwenye chekecheke. Chokaa hufunga madini ya chuma na manganizi, ndiyo maana majani machanga hugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani. Mbolea ya chumvichumvi huishia kisimani, usiikimbilie. Wenyeji huchimba shimo hadi kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) yanayoelea juu ya maji ya bahari, hupanda babai (magimbi makubwa ya majimaji), huzungushia kikapu cha majani ya mkadi kisicho na kitako, kisha hukijaza majani yaliyooza. Mawimbi yakiingia shimoni, au pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda na babai hufa.