Kopo la soda lilivyonipa Kiswahili cha "implode"

Juni 2023, ile nyambizi ndogo ya Titan ilipopotea na watu watano ikishuka kwenye mabaki ya meli ya Titanic, kama mita 3,800 chini ya Atlantiki, nilikuwa na habari ya kutafsiri, na kitenzi kimoja cha Kiingereza kikanigomea: implode, yaani kitu kubonyea ghafla kuelekea ndani, kama ilivyoipata Titan. Mwenzangu kazini akanijibu bila kuinua macho: "Andika ililipuka, watu wataelewa." Wataelewa nini? Kinacholipuka hutupa vitu nje! Mwingine akaniletea "kulipukia ndani". Nalo likanikera, maana humo ndani hakukulipuka kitu.

Nikafuata asili. Waingereza walilitengeneza neno hili karne ya 19 kwa kuigiza explode: wakang'oa ex-, yaani nje, wakabandika im-, ndani. Na explode mzizi wake ni Kilatini plaudere, kupiga makofi. Explodere ilikuwa kumfukuza mwigizaji jukwaani kwa makofi na kuzomea. Nilifurahi kuyajua, ila sentensi yangu ilibaki palepale.

Nikaingia jikoni na kopo la soda. Nikatia maji vijiko viwili, nikalibandika motoni mpaka mvuke ukafoka, nikalishika kwa koleo, nikalitumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu. Kimya. Nilikuwa nimelitia wima, mdomo juu, kwa hiyo hewa ikarudi ndani kwa raha zake. Kopo la pili nikaligeuza kifudifudi, mdomo ndio uguse maji kwanza (koleo lishike kiganja kikiwa juu, utaligeuza kwa mara moja). Paa! Mvuke ukawa maji, ndani pakabaki patupu, hewa ya nje ikalikunja kopo kama karatasi.

Mama akachungulia mlangoni: "We mwanangu, nani kaliminya hilo kopo?"

Nani! Kumbe hilo ndilo lililokuwa linanikwamisha. Kitenzi cha Kiingereza kinamficha anayeminya. Kiswahili kinauliza ni nani. Kopo limeminywa na hewa. Titan imeminywa na maji, ambayo kule chini hukandamiza zaidi ya mara 300 kuliko hewa ya huku juu. Nikaandika: "Titan iliminywa na maji, ikabomokea ndani kwa kufumba na kufumbua." Jengo linaloangushwa kwa baruti ninaliachia "kubomokea ndani" peke yake, maana pale hakuna anayelikandamiza kwa nje, linaangushwa na uzito wake.

Mhariri hakugusa hata herufi.