Nilivyomtoa binti yangu inglishi midiamu nikampeleka Kayumba

Niseme mapema: sikuishiwa. Nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, na ada ya binti yangu, milioni 3.8 kwa mwaka pamoja na basi, nilikuwa nailipa bila kukopa. Natanguliza hilo kwa sababu Januari 2023 nilipomhamishia Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, shemeji yangu mmoja alimpigia mke wangu simu kumpa pole.

Lililoniudhi kwanza ni basi. Tunakaa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na basi la shule lilikuwa likipita saa 11 alfajiri, kisha linazunguka kuokota watoto mitaa yote. Jioni anashushwa amelala. Halafu Jumamosi moja nikamkalisha kaunta. Mteja kauliza bei ya bati, nikamwambia binti, "Elfu sabini na tano, mwambie." Akanitazama tu. Mtoto wa darasa la nne, mzaliwa wa Dar es Salaam, sabini na tisini zinamchanganya!

Uhamisho nilidhani ni barua na mhuri. Kumbe mtoto ana namba ya Prem kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na shule anayotoka isipomwachia humo, huko aendako hatambuliki. Kule walinidai ada ya muhula ambao hajausoma. Nikalipa nusu, wakamwachia. Huku Kayumba mwalimu mkuu alitazama gari, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Mzee, kuna tatizo limetokea?"

Baba yangu alicheka sana aliposikia. Yeye alimaliza darasa la saba miaka ya 1970, na zama zao sekondari ya kulipia ilikuwa ya aliyekosa nafasi serikalini. Na wenye nacho wa mjini wana ujanja wao wa siku nyingi: Olympio na Diamond, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Sisi wa Goba, kufika huko ni kupanda basi tena.

Miezi miwili ya mwanzo hisabati ilimtesa, na hesabu zenyewe alikuwa anaziweza. LCM anaijua vizuri, ila ubaoni imeandikwa KDS, kigawe kidogo cha shirika. Kipeo na kipeuo akaona ni kitu kimoja. Jaribio la kwanza alipata 14 kwa 50. Nikamtafuta mwalimu wa twisheni wa kila jioni, kazi yake kumgeuzia majina tu, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kufikia Juni alikuwa amekaa sawa.

Sasa lile ambalo huwa silisemi nikiulizwa. Darasani walikuwa 96, na mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Alipochapwa kwa kuchelewa nilikwenda kuongea na mwalimu. Tangu siku hiyo hakuguswa. Wenzake waliendelea kuchapwa, naye akawa anaona haya kusimama pembeni. Nikatoa madawati 20, nikashukuriwa mbele ya gwaride la asubuhi. Kwenye kikao cha wazazi cha mchango wa uji, watu walinyamaza mpaka nizungumze. Nikasema elfu kumi kwa mwezi inatosha. Nyuma yangu mama mmoja anayeuza mihogo akamnong'oneza mwenzake, "Mwenye hela kashakubali, tumekwisha."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Ada nilikuwa nimeiacha kule, lakini pesa nilikuja nayo, na ilianza kufanya kazi kabla sijaituma. Kikao kilichofuata nilikaa nyuma, nikafunga mdomo. Mwenyekiti akaniita mbele.

Binti alimaliza la saba mwaka 2025, wastani wa B, akapangiwa shule ya kata. Sekondari lugha inageuka tena kuwa Kiingereza, na hapo wenzake ndio wanaohangaika na majina. Mke wangu alishaleta fomu ya bweni la kulipia. Mtoto akakataa, anataka kwenda na rafiki zake, watembee wote. Nikamwachia.

Mdogo wake yuko inglishi midiamu ileile. Mama yake hakutaka kusikia habari ya kumhamisha, na mimi sikubishana. Saa 11 kasoro dada mtu ndiye anayemwamsha, anamvalisha soksi akiwa bado amesinzia, kisha anarudi kulala.