Siku Moja Wodini na Madaktari Wanaosomea Ubingwa

Wapo wanaodhani kwamba kumfundisha daktari ambaye tayari ana leseni ni kazi ya kukaa na kusikiliza, na ndugu zangu hapa Dodoma bado huniuliza kwa nini narudi nimechoka ilhali wanaotibu ni vijana.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa kwenye kikao cha wagonjwa waliolazwa usiku, kisha tukafanya raundi ya kawaida hadi saa nne.

Hapo nikakaa kando ya kitanda kumtathmini daktari wa mwaka wa pili, kwa fomu ambayo asili yake ni Marekani katika miaka ya 1990 na ambayo alama zake huanzia 1 hadi 9. Mgonjwa alikuwa mzee mfugaji kutoka Chamwino, mwenye homa za jioni, kikohozi, kukonda na maumivu ya mgongo. Mtathmini hatakiwi kuingilia, na kwangu kunyamaza huko kunachosha kuliko zamu ya usiku. Haikuchukua muda kijana akasema ni kifua kikuu. Nilipomuuliza ni ugonjwa gani mwingine ungeweza kuleta hali ile, alinyamaza. Hakuwa ameuliza kama mzee hunywa maziwa yasiyochemshwa, jambo ambalo lingemfanya afikirie brusela, ugonjwa wa mifugo ambao humpata pia binadamu. Hakuuliza habari za VVU. Na mgongo hakuugusa. Nilimpa 3 katika kipengele cha uamuzi wa kitabibu.

Mchana majibu ya makohozi yakatoka: kifua kikuu. Alinifuata kliniki, foleni ikiwa imefika mlangoni, akiwa ameshika karatasi.

“Samahani, Dokta, nilipatia. Naomba uangalie upya alama yangu.”

Nilimwambia kwamba sikuwa nimempima kwa jina la ugonjwa. Kifua kikuu ni kingi nchini mwetu, kwa hiyo anayekitaja kila aonapo homa na kukonda atapatia mara nyingi bila kufikiri, na siku atakapokosea hatajua amekosea wapi. Hakuridhika, nami kusema kweli nilikuwa na njaa na uvumilivu ulikuwa umeniishia, lakini nikamuuliza tena: mgongo je? Vijidudu hivyohivyo vikiingia kwenye pingili za uti wa mgongo vinaweza kumpoozesha mtu miguu, na dawa ambazo kwa kawaida hutumiwa miezi 6 huenda zikahitaji muda mrefu zaidi. Aliangalia karatasi yake, akaondoka bila neno.

Sikumbuki kliniki iliisha saa ngapi. Nilipopita wodini jioni nilimkuta amerudi kwa mzee, anapapasa pingili moja baada ya nyingine, na sehemu ya chini ilipouma akaandika ombi la picha ya mgongo na kuorodhesha mambo matatu anayoyatafuta, kila moja na sababu yake.

Alama ya asubuhi niliiacha ilivyo. Kwenye nafasi ya maoni niliandika kwamba atathminiwe upya wiki ijayo, kwa mgonjwa ambaye majibu yake ya maabara hayajatoka.