Pakiti za Ifakara

Mwaka 2014, katika ofisi moja ya Kijitonyama, Dar es Salaam, nilikabidhiwa mfumo ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu za seva, ambao walioutengeneza walikuwa wameshaondoka. Ulikuwa unapokea takwimu za utafiti wa kaya kutoka kwa wadadisi waliokuwa Ifakara na vijiji vya jirani. Jioni, kishikwambi cha mdadisi kilifunga majibu na picha katika faili moja la zip, kikalituma kwa ombi la PUT, njia mojawapo ya kupeleka data kwenye seva: data ghafi, hakuna fomu wala sehemu zenye majina. Baiti 512 za mwanzo zilikuwa utambulisho wa mdadisi, zilizobaki ndiyo zip yenyewe.

Masika yalipokolea njia zikakatika, watu wakawa wanalala vijijini bila mtandao na pakiti hizo zikanenepa. Usiku mmoja mdadisi mmoja akanipigia, mama wa makamo asiye na kawaida ya kulalamika.

"Mwanangu, hiki kidude kinafika mwisho halafu kinaanza upya. Bando limekwisha tena. Hizi nyumba nimezifikia kwa mtumbwi, zisije zikapotea."

"Hazitapotea, mama. Usifute kitu chochote."

Logi ya seva, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ilieleza yote kwa mstari mmoja: memori iliyoruhusiwa, baiti 134217728, imekwisha. Hizo ni MB 128, kiwango ambacho PHP huja nacho. Pakiti ya mama ilikuwa MB 70. Msimbo ulisoma mwili wote wa ombi, yaani data yote iliyotumwa, kwa file_get_contents('php://input'), ukauweka kwenye kigeu kimoja ndani ya memori, kisha ukatumia substr kuondoa zile baiti 512. Substr haikati kilichopo, inatengeneza nakala mpya. Sabini na sabini ni mia na arobaini, na seva inakata roho wakati data yote imeshafika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: bando lilikuwa limeshaliwa lote.

Kaka mmoja aliyenitangulia kazini alikuwa bado yupo. Nilimwonyesha, nikamwambia nawaza kupandisha kikomo hadi MB 512.

"Wakituma wadadisi wanne kwa pamoja je? Seva yenyewe ina GB 1. Unaijaza yote ya nini wakati unaipeleka diski tu?"

Basi tukafungua php://input kwa fopen, kama faili la kawaida, tusome kidogo kidogo. Yeye alipendekeza tupitie mara mbili: kwanza kukokotoa sha1, heshi au alama fupi inayotokana na data yenyewe, na kuilinganisha na ile iliyotumwa na kishikwambi, halafu kuhifadhi. Heshi ikatoka sahihi kabisa. Faili kwenye diski likatoka na baiti 0. Tulikuwa kwenye PHP 5.4, na humo mwili wa ombi la PUT ukishasomwa haurudi. Ni kama maji ya mto, yakishapita daraja yamepita. Kwa POST, njia nyingine ya kutuma data, mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu PHP ilikuwa inaweka akiba ya mwili huo, tena kwenye memori ileile tuliyokuwa tunaihangaikia.

Ikabidi kila kipande kifanyiwe kazi zote kinapopita. Utambulisho tuliutoa kwa stream_get_contents yenye kikomo cha 512, kwa kuwa fread, amri ya kusoma kipande, inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba. Baada ya hapo ni kitanzi kifupi, hatua zinazojirudia: fread ya baiti 8192, hash_update ya kuendeleza heshi, fwrite ya kuandika kwenye diski, mpaka mwisho. Faili tuliliandika kwa jina la muda, na jina halisi likapewa heshi ilipolingana tu, ili mtandao ukikatika katikati asije mtu akachambua zip nusu. Nilipopima kilele cha memori kwa memory_get_peak_usage, pakiti ya MB 2 na ya MB 70 zilitumia memori karibu sawa. Sijawahi kufurahia namba mbili zinazofanana kiasi kile.

Asubuhi nilimtumia mama bando, akatuma. Ikapita. Akanipigia kuuliza kama na picha zimefika, nikafungua zip nikamsomea majina ya wakuu wa kaya mmoja mmoja, naye akiitikia, "Ndiyo, huyo. Ndiyo."

Baadaye tulihamia PHP 5.6, ambamo php://input inasomeka tena na tena na data ya POST inakula memori kidogo kuliko zamani. Kitanzi tulikiacha vilevile, maana file_get_contents ingali inaleta mwili wote kwenye memori, na masika hayakuacha kuja.