Kumbe shida haikuwa balansi

Jamani nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado ina grisi.

Wiki iliyopita nilifunga rimu za spoti kwenye gari langu, Toyota Premio. Zimependeza kweli, lakini kila nikitoka Mukono kwenda Jinja nikigusa kilomita 90 kwa saa tu stelingi inaanza kutetemeka mpaka viganja vinawasha, balansi ya magurudumu nimefanya mara mbili na wapi.

Leo fundi mmoja mzee akachomoa gurudumu la mbele, akaniita, mwanangu njoo uone. Akalipachika tena kwenye habu, kile kitovu cha chuma gurudumu linapofungwa, akachomeka ncha ya kidole kidogo kati ya habu na tundu la katikati la rimu.

Kikaingia!

Tukapima, habu milimita 54.1, tundu 73.1. Yaani karibu sentimita nzima kila upande, rimu imeshikwa na nati peke yake, haikai katikati.

Akaweka ringi za plastiki kujaza ile nafasi, akakaza nati kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ya upande wa pili, gari likiwa bado kwenye jeki, akashusha ndio akamalizia.

Nimepita Mabira na 90 stelingi imetulia tuli, nimefurahi sijui niseme nini.

Nyie mliofunga rimu ambazo hazikuja na gari, mlipima tundu la katikati? Na ringi za plastiki au za alumini, zipi zinadumu?