Notisi si kibali: maandamano ya Kenya kuanzia deski la OCS hadi mahakamani

Kila Juni inapokaribia, swali lilelile hurudi redioni na mitandaoni: hao vijana wana kibali? Swali lenyewe limekaa upogo. Katika sheria ya Kenya hakuna kibali cha kuandamana. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kinachotakiwa ni notisi. Anayeomba kibali anaweza kunyimwa, lakini anayetoa notisi anaarifu tu, na polisi wanaarifiwa ili wapange ulinzi na magari.

Utaratibu uko kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), Sura ya 56. Notisi inapelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo husika, yaani OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Iwe na jina kamili la mwandalizi na mahali anapopatikana, tarehe, saa, na uwanja au njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. OCS akikuta kuna kundi jingine lililotangulia kuandika siku hiyo, saa hiyo na mahali hapo, atakwambia utafute nafasi nyingine. Kutopenda kauli mbiu yenu si sababu. Anachoweza pia ni kusimamisha mkutano ikiwa kuna hatari iliyo wazi na iliyo karibu ya amani kuvunjika, na hapo ndipo mwanya ulipo, maana anayepima hatari hiyo ni yeye mwenyewe.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki kituoni, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na saa iandikwe kwa mkono. Askari wa deski akikataa kugonga, andika nambari yake na saa uliyofika, kisha itume pia kwa barua pepe. Notisi ya mdomo haipo. Wiki mbili baadaye, mbele ya hakimu, OCS atasema hajawahi kukuona, nawe hutakuwa na cha kumkanushia.

Sasa, vuguvugu la Juni 2024 liliiweka sheria hii njia panda. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijivunia kutokuwa na kiongozi, kabila wala chama. Walitafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakasambaza nambari za wabunge ili kila mtu amsalimie wake kwa simu, na tarehe 18 wakaingia katikati ya Nairobi. Lakini fomu inataka jina na anwani ya mtu mmoja. Nani atie sahihi? Serikali iliushika mwanya huo haraka. Katikati ya Julai kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi Douglas Kanja alipiga marufuku maandamano katikati ya jiji akitaja, pamoja na mengine, kwamba hayana uongozi wa kuzungumza nao. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Kwa maoni yetu, jina moja kwenye karatasi si usaliti wa vuguvugu, ila tunajua kwa nini watu waliogopa: mwenye jina ndiye aliyefuatwa nyumbani usiku.

Matukio yenyewe yalikwenda kasi. Mswada ulilenga kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 346, na ndani yake mlikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani. Hayo mawili yaliondolewa siku ya kwanza tu ya maandamano. Juni 20 wabunge wakaupitisha kwenye usomaji wa pili kwa kura 204 dhidi ya 115, na siku hiyo kijana wa kwanza akapigwa risasi Nairobi. Juni 25 ukapita usomaji wa tatu, 195 kwa 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikamiminwa, na jeshi likaitwa kwa tangazo la gazeti rasmi. Chama cha Mawakili, LSK, kilikimbilia mahakamani kwa sababu Ibara ya 241 inadai idhini ya Bunge la Taifa jeshi linapotumwa kurudisha amani nchini. Jaji aliruhusu jeshi libaki, lakini akaamuru masharti ya kazi yake yachapishwe ndani ya siku 2. Rais William Ruto alikataa kuutia mswada sahihi tarehe 26. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo.

Turudi barabarani. Kitu cha kwanza kutupwa huwa ni kitoa machozi. Watu hukiita moshi, lakini CS, kemikali iliyomo ndani yake, ni unga laini sana unaorushwa hewani, na makosa karibu yote huanzia kwa kutojua hilo. Unga huu ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo anayelala chini anaufuata ulipo. Tafuta mahali palipoinuka na penye upepo. Kujifungia dukani na kushusha shata ni hatari zaidi, maana gesi ikiingia haina pa kutokea. Dawa ya meno chini ya macho haisaidii kitu. Mafuta ya kujipaka ni mabaya zaidi kwa sababu yanaunasa unga na kuuweka kwenye ngozi. Usisugue macho. Inamisha kichwa upande mmoja, mimina maji safi kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, ili uchafu usiingie jicho la pili, dakika 10 hadi 15. Lenzi za macho zitoke kwanza. Ukifika nyumbani usiivue fulana kwa kuipitisha usoni. Ikate kwa mkasi kama haina vifungo. (Na ukipanda matatu na koti lile lile, gari zima litakohoa hadi Githurai.) Mara nyingi makali hupungua ndani ya nusu saa. Kifua kikianza kupiga mluzi, au mwenye pumu akiona dawa yake ya kuvuta haimtulizi, ni hospitali.

Mkebe usiuokote. Unakuwa wa moto wa kuunguza kiganja, na aliyeudhania mkebe kumbe ni bomu la kishindo hupoteza vidole.

Risasi za mpira zimetengenezwa kupigwa kutoka mbali na kulenga chini ya kiuno. Kwa karibu zinaua. Juni 17, 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa kichwani jijini Nairobi akiwa hatua chache kutoka kwa askari, kamera zikiona, naye akafariki karibu wiki mbili baadaye. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema askari aanze kwa njia zisizo za nguvu, nguvu iwe ya kiasi, aonye kabla ya kutumia bunduki, aripoti kila anapofyatua hata kama hakuna aliyeumia, na amtafutie majeruhi matibabu. Linasema pia askari mwenye sare avae jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana. Ndiyo maana askari kanzu waliofunika nyuso ni zaidi ya kero: bila jina wala nambari, mpelelezi hana pa kuanzia.

Ukishikwa, saa inaanza kuhesabu. Ibara ya 49 inataka uambiwe mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha siku isiyo ya korti, inasubiriwa siku ya korti inayofuata, kwa hiyo anayeshikwa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu, na maafisa wanaijua hesabu hiyo vizuri. Sema jina lako kamili kwa sauti unapopakiwa kwenye lori, ili anayerekodi alinase. Nambari ya wakili iwe imeandikwa mkononi kwa kalamu isiyofutika, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kituoni, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio, na nambari yake uikariri. Aliye chini ya miaka 18 aseme umri wake mapema; hapaswi kuwekwa na watu wazima. Dhamana ya polisi ni bure. Ukiambiwa uweke dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, la sivyo umetoa hongo bila kujua. Shtaka la kawaida ni mkusanyiko usio halali, kifungu cha 78 na 79 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake isizidi mwaka 1. Hapo ndipo ile nakala ya notisi yenye muhuri inapolipa.

Mtu asipoonekana kwenye OB ya kituo chochote, hilo ni jambo jingine kabisa. Wakili anaomba habeas corpus, yaani amri ya kumleta aliyeshikiliwa mbele ya jaji, Mahakama Kuu, na hati ya kiapo inahitaji vitu vidogo vidogo: nambari ya gari, rangi yake, saa, nguo alizovaa, na nambari ya OB ya kila kituo ambako familia ilikwenda kuuliza. Agosti 19, 2024 watu watatu, akiwemo mwanaharakati Bob Njagi, walichukuliwa Kitengela. Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aliitwa kortini tena na tena bila kufika, hadi Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu miezi 6 kwa kudharau mahakama, Septemba 13, na kumpa siku 7 ajirekebishe. Septemba 20 wale watatu walipatikana hai. Masengeli alipofika kortini hukumu ilifutwa, lakini hatuamini kwamba wangerudi bila karatasi ile.

Kwa aliyejeruhiwa, shati lenye damu ndilo linalopotea kwanza, kwa sababu mama mtu hulifua kwa huruma. Lisifuliwe. Wauguzi waombwe wasikate kupitia tundu la risasi. Likaushwe kivulini, kila nguo kwenye mfuko wake wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufuga unyevu na kuozesha kila kitu. Risasi iliyotolewa mwilini ikikabidhiwa polisi, nani kakabidhi, nani kapokea, saa ngapi, yote yaandikwe na familia ipate nakala. Kisha P3, fomu ya kuthibitisha majeraha. Fomu hiyo haiuzwi; polisi huitoa baada ya kuandikisha OB, na daktari huijaza. Wengi huogopa kurudi kituo kilekile kilichowapiga, na wana haki. Unaweza kuripoti kituo kingine, au kwenda moja kwa moja IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, ambayo kisheria lazima iarifiwe kila askari anaposababisha kifo au jeraha baya. Familia ya marehemu inaweza kuleta daktari wake kwenye upasuaji wa maiti, mradi aombe kabla mwili haujafunguliwa.

Kuhusu video: mwaka 2025 BBC ilichambua picha na video zaidi ya 5,000 za Juni 25 kuwatambua waliofyatua risasi nje ya Bunge. Zinazofaa ni zile zinazoonyesha jengo, ishara ya barabara au saa ya ukutani, si uso tu uliovutwa karibu. Zungusha kamera taratibu. Faili ya awali usiihariri, na ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa na taarifa zake za saa hufutika. Kortini itadaiwa cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ni kifaa gani kilichorekodi na nani alikuwa nacho. Kwa hiyo hata ukinunua simu mpya, ile ya zamani usiiuze.